Moja Katika Ishirini

Jumatatu, 3 Machi
Orodha ya likizo imebandikwa. Nafasi moja tu! Kapewa Kipara, mwosha vyupa mwenzangu hapa maabara. Mimi mwaka wa pili huu nalala bweni la hapa kazini, sijaiona nyumba yangu. Mke kapiga simu: baba watoto, binti anaolewa tarehe ishirini na mbili, usipofika, kaka yangu ndiye atakayesimama mahali pako. Kaka yake! Mtu asiyeweza kusimama bila kuegemea ukuta.

Jumanne, 4 Machi
Nilikuwa napiga deki Daktari akifundisha wanafunzi wake. Kirusi hiki, kasema, hakina kiwanda. Kina barua tu, inaitwa RNA. Kikiingia kwenye seli kinachomeka nakala katika majalada ya mwenyeji, na mashine za mwenyeji zinaisoma kama yao. Mgeni anaagiza, mwenyeji anapika. Tena kina hila: mara moja katika ishirini, mashine inateleza herufi moja nyuma na kutengeneza kitu kingine ambacho kirusi kinakihitaji. Ikiteleza zaidi ya hapo... Hapo nilikuwa nakamua tambara, mwisho sikuusikia.

Jumatano, 5 Machi
Hata sisi tuna mashine: mchapaji. Kilichomo kwenye trei anakichapa, msimamizi anagonga muhuri. Hakuna anayesoma. Nimechomeka karatasi moja: likizo nipewe mimi, Kipara asubiri. Saa nane mchana tangazo limebandikwa. Jina langu! Nimempigia mke. Kalia kwa furaha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewaza. Kama moja imepita, ishirini je? Viatu vipya. Blanketi la pili. Kitanda cha dirishani. Kipara aoshe vyoo hadi Desemba. Mchapaji kazichapa zote ishirini bila kupepesa macho.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi kashangazwa na unene wa rundo. Kasoma! Kaniuliza tangu lini mwosha vyupa anatawala jengo hili. Likizo imerudi kwa Kipara. Vyoo ni vyangu. Daktari kapita, kacheka, kasema ndiyo maana ni moja katika ishirini: mashine ikiteleza ovyo, kirusi kinajimaliza chenyewe. Angesema kwa sauti!

Jumamosi, 8 Machi
Kipara kanifuata chooni. Bwana wee, kasema, si ungeniomba tu? Yeye kwao hana wa kumwendea. Jumatatu atazungumza na msimamizi, tubadilishane. Sharti moja: nisiguse karatasi. Nimemshukuru mpaka machozi.

Jumapili, 9 Machi
Ofisi imefungwa, ila dirisha la mchapaji halina komeo. Nimechomeka mbili, kumsaidia Kipara.
Mbili si ishirini.