Mitungi Mitatu ya Jamhuri

Leo nimeaibishwa hapa Sepuka. Nawaandikia ndugu zangu wa Kinampanda kabla hamjaletewa ya uongo. Kosa si langu.

Wiki iliyopita katibu wa tawi la chama alipita nyumbani. Kijana mdogo, baiskeli kubwa. "Shikamoo bibi. Tunataka togwa. Kuna sherehe ya Uhuru kutimiza mwaka, na kuna sherehe ya Jamhuri." Akapanda baiskeli, akaenda. Hakusema ni siku moja. Mimi ningejuaje? Hata arusi mbili za nyumba moja tunazipishanisha siku, wageni wapumue. (Hiyo ni arusi. Hii ni nchi nzima.)

Kila nyumba ikaleta kikapu cha unga wa uwele. Nikapika mitungi sita. Mitatu ya Uhuru leo, mitatu ya Jamhuri kesho. Ya Jamhuri nikaifungia chumbani kwangu na kuifunika khanga yangu ya kanisani.

Asubuhi nikapeleka mitatu uwanja wa shule. Hata nusu ya wazee hawajapata, togwa imekwisha. Waimbaji wanalamba midomo tu.

Jirani yangu Mama Elia akanifuata na kata tupu mkononi.

"Bibi, unga wetu uko wapi? Tulitoa wa mitungi sita."

"Mitatu ipo nyumbani. Ni ya Jamhuri."

"Jamhuri ni leo."

"Leo ni Uhuru."

"Uhuru ulikuwa mwaka jana, bibi. Leo tarehe ile ile imerudi, imekuja na Jamhuri."

Nikamwambia aache utoto. Tarehe moja ibebeshwe mambo mawili makubwa, kwani siku zimekwisha? (Nilisema kwa sauti. Uwanja mzima ulikuwa kimya unasikiliza hotuba.)

Mtu wa nyuma akasema, "Kaficha unga wetu huyo."

Mimi! Tangu niolewe hapa sijachukua hata chumvi ya mtu.

Nikatoa ufunguo. Wanawake watatu wakaenda kwangu, wakarudi na mitungi kichwani, khanga yangu inapepea juu ya ule wa mbele kama bendera. Watoto wakaipokea njiani: "Jamhuri inakuja! Jamhuri inakuja!" Mwenyekiti akakatisha hotuba. Watu wakapiga makofi. Na mimi nimesimama katikati, mwizi wa Jamhuri.

Mzee wa kanisa akaonja togwa, akaitazama khanga. "Huyu hakuiba," akasema. "Mwizi gani anafunika alichoiba kwa khanga ya Jumapili, inayojulikana na kanisa zima?"

Watu wakacheka. Mama Elia akanishika mkono. "Nisamehe, bibi." Nikamjazia kata. Sikuijaza sana.

Basi jina langu limepona. Khanga haikupona, ina togwa mpaka kwenye pindo. Na atakayecheka huko Kinampanda nitajua.

Yule katibu ameleta salamu kwamba kesho atakuja kuniomba radhi. Nimemjibu aje keshokutwa. Kesho nafua khanga, na kwangu siku moja ina jambo moja.