Kiti cha Pili

Inatangazwa kwa watu wote wenye masikio, na hasa kwa wakazi wa Bweni la Tatu, ambao masikio wanayo ila huyapa likizo kila wakiambiwa wapige deki, ya kwamba siku ya kufungua shule, saa nne kamili asubuhi, Mheshimiwa Balozi atawasili getini ndani ya gari la spoti, jekundu, la viti viwili, lenye paa la kukunjwa. Wanaotaka kuligusa wanawe mikono kwanza.

Tangazo hilo lilisomwa siku ya mwisho ya muhula, kutoka kitanda cha juu, na Balozi mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na sita, na cheo cha ubalozi alipewa na wenzake kwa sababu aliweza kuzungumza na mwalimu yeyote wa zamu mpaka adhabu ikageuka kuwa pole. Na siyo kwamba alidanganya. Gari lilikuwepo. Lilikuwa jekundu. Lilikuwa la mjomba wake, na mjomba alikuwa ameahidi kwa kinywa chake kwamba siku litakapotoka gereji, wa kwanza kukaa kiti cha pili atakuwa mpwa wake. Kasoro ilikuwa moja tu: gari lilikuwa gereji mwezi wa kumi na moja sasa, na injini yake ilikuwa kwenye beseni.

Mjomba alikuwa fundi saa. Kutwa nzima alikaa kwenye kibanda chake cha vioo, lenzi jichoni, akirekebisha saa za watu mpaka zisipishane hata sekunde, na yeye mwenyewe hakujua mwezi atakaopata gari lake. Alilinunua bovu kwa mjane mmoja na akalipenda hivyo hivyo. Kila Jumapili alifagia mahali pake uani, akapanga matofali mawili ya kuzuia magurudumu, kisha akasimama kuyatazama matofali. Mkewe alisema heri angeletewa mke mwenza, maana huyo angalau angerudi nyumbani.

Fundi aliyelishika gari aliitwa Bado Kidogo, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila mtu. Alikuwa mnene, mpole, hana haraka hata ya kupepesa macho, na ovaroli yake ilikuwa na grisi ya kutosha kusimama peke yake akiivua. Gereji yake ilikuwa na utaratibu. Gari likiingia leo, leo hiyo hiyo linafunguliwa. Halitengenezwi, linafunguliwa. Injini inashushwa, milango inang'olewa, nati zinatiwa makoponi, ili mwenye gari akikasirika asiwe na kitu cha kuondoka nacho. Baada ya hapo vifaa vinaanza kutembeleana. Kabureta ya huyu anaazimwa yule anayepiga kelele zaidi, taa za yule zinakwenda kwa aliyepiga kelele jana. Ukiyajumlisha yote yaliyokuwa mle, ungepata magari manane mazima, ila hakuna hata moja lililokuwa zima.

Jumatatu ya kwanza ya likizo mjomba alikwenda kuuliza, na Balozi akabaki nje ya uzio akisikiliza. Fundi alieleza kwa utulivu kwamba gasketi ilikuwa njiani. Kwamba baadaye muuza gasketi alifiwa. Kwamba sasa imefika, lakini ni ya kushoto.

"Gasketi ina kushoto?" mjomba akauliza.

"Za magari ya kawaida hazina," fundi akasema kwa huzuni. "Hili lako siyo la kawaida."

Maskini mjomba akaondoka akijisikia kama mtu aliyesifiwa. Balozi hakuondoka. Alikuwa ameona jambo. Gari kubwa jeusi, lenye dereva na mapazia, lilisimama mlangoni kuuliza njia tu, na Bado Kidogo, yule yule wa taratibu, alitupa spana na kuruka mtaro. Fundi huyu hakuwa mvivu. Alikuwa anasubiri wateja wakubwa. Basi, aliwaza Balozi, atampata mteja mkubwa.

Kesho yake alichukua simu ya zamani ya mama yake, akajificha nyuma ya tangi la maji, akajaza pamba mashavuni ili sauti iwe na kitambi, akapiga.

"Nazungumza na mwenye gereji?"

"Ndiye."

"Shikamoo," akasema Balozi, kwa sauti nzito ya mtu mwenye magari kumi na mawili.

Upande wa pili ikasikika spana ikiwekwa chini.

"Marahaba," akajibu fundi.

Mengine yalikwenda kama maji. Balozi alijitambulisha kuwa Meneja wa Misafara wa kampuni inayokodisha magari ya harusi. Magari kumi na mawili, yote yanatafuta gereji ya kudumu. Amesikia pale kuna gari jekundu la spoti. Baada ya wiki tatu atapita kulitazama. Akilikuta linanguruma, kazi ya yote kumi na mawili ni ya fundi maisha. Akilikuta kwenye beseni, basi tena.

Fundi alishukuru sana. Alisema hajawahi kupata heshima kama hiyo. Ombi lake ni moja, kwamba kampuni kubwa kama hiyo isimwachie kazi hivi hivi bila mkaguzi.

"Nitumie kijana mmoja, meneja. Mwenye adabu. Anayesalimia vizuri."

Balozi nusura ameze pamba. Hakuwahi kuona mtu akinaswa halafu akashika mwenyewe ncha ya pili ya kamba. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda masomo ya ziada ya hesabu, na asubuhi iliyofuata Mkaguzi wa Kampuni aliripoti gereji akiwa na ubao wa kuandikia, kalamu mbili na kola iliyopigwa pasi.

Siku ya kwanza alikagua. Siku ya pili fundi alimwambia kwamba meneja wake bila shaka atataka kujua kila nati ilikotoka, kwa hiyo ni vizuri aoshe nati zote kwa petroli, kopo kwa kopo. Siku ya tatu alikagua uvungu wa gari kwa kulala chali na kushika taa, na siku ya nne alikagua uzito wa magari mengine kwa kuyasukuma. Kufikia Jumamosi kola ilikuwa na rangi ya lami na ubao wa kuandikia ulikuwa sinia ya vikombe vya chai. Lakini injini ilikuwa imetoka kwenye beseni, na Balozi alilala kila siku akicheka peke yake kwa furaha, akimwonea huruma fundi wa watu.

Wiki ya pili akapandishwa cheo. Simu ya gereji ililia mkono wa fundi ukiwa ndani ya gia boksi, na fundi akamwomba apokee tu, amwambie huyo mtu chochote. Chochote ndicho kitu pekee ambacho Balozi alikisomea. Aliyepiga alikuwa mwenye gari la kusambazia mikate, mwenye hasira za miezi minne. Balozi akaongeza kina cha sauti, akamweleza kwamba gari lake lilikwisha pona tangu juzi, ila walipolijaribu lilikwenda vizuri kupita kiasi, na fundi kwa uaminifu wake hawezi kulitoa kabla ya kujua sababu. Mtu wa mikate alishukuru. Aliuliza kama fundi anapata muda wa kupumzika.

Bado Kidogo alibaki amesimama na spana mkononi, kama mtu aliye ibadani. Miaka ishirini alikuwa na maneno mawili tu. Tangu saa ile alimkabidhi Balozi simu, na chumba cha mbao kilichoitwa ofisi, na kiti.

Kiti hicho kinastahili aya yake. Kilikuwa kifupi, kimefungwa juu ya rimu, kimefunikwa gunia. Ukiinua gunia ulikuta ngozi nyeusi iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Aliyekikalia alilala nyuma kidogo, magoti juu, kiuno kimekumbatiwa huku na huku, na moyoni akahisi anakwenda kasi. Balozi alikikalia siku kumi na nne, akapokea simu, akazungusha mikono kama anayeshika usukani, akamwazia mjomba barabarani pembeni yake. Alikipenda kiti kile. Hakuuliza kimetoka wapi.

Alhamisi moja simu ikalia, akapokea, na sauti aliyoijua tangu utotoni ikamuuliza kuhusu gari jekundu.

"Shikamoo," mdomo wake ukasema, kabla yake.

"Marahaba," akasema mjomba. "Nazungumza na nani?"

"Meneja msaidizi. Nina miaka thelathini katika kazi hii, bwana. Gari lako bado kidogo tu."

"Haya. Na wewe, meneja, umeshakula mchana?"

"Nimekula, ahsante."

"Vizuri. Usichelewe kurudi, mkeo atakungoja."

Balozi aliweka simu akiwaza jinsi watu wa mji huu walivyo na utu.

Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, fundi akiwa amekwenda kufuata mafuta ya breki, aliingia daktari wa meno. Maisha yake yote alitazama midomo ya watu ikiwa wazi. Leo wa kwake ndio uliokuwa wazi, na haukufungika. Alikuja kuchukua gari lake na kulikuta halina kiti cha dereva. Vibarua wa gereji wakampa ndoo akalie. Alisema atakwenda nayo polisi kama kidhibiti. Balozi alisimama. Alizungumza robo saa, na ilikuwa hotuba bora ya maisha yake: jinsi gereji ilivyofuatilia mgongo wa daktari, mgongo wa mtu anayeinama kutwa nzima kwa ajili ya wengine, jinsi ilivyoona kiti cha zamani hakimfai, jinsi ilivyomtafutia kiti kingine, kisichopatikana kokote, akae siku zake zote kama mfalme. Kisha akaondoa gunia.

Daktari alikaa. Akafumba macho. Vibarua wawili walitoboa matundu manne, wakakaza nati nne zilizooshwa vizuri, na daktari akaondoka akipunga mkono dirishani. Ndoo akaacha. Balozi alijipongeza kwa chai.

Siku ya kabla ya kufungua shule gari jekundu lilitolewa uani. Lilinguruma mara moja, na vibarua wakashusha walichobeba. Balozi alikuwa anatafuta maneno ya kumfuta Meneja wa Misafara duniani taratibu, pengine kwa maradhi, pale mjomba alipotokea mlangoni, funguo mkononi. Balozi akapiga mbizi nyuma ya mapipa.

Mjomba alilizunguka gari. Aligusa taa. Alifungua mlango, akaketi, akashika usukani kwa vidole vile vinavyoshika saa. Halafu akatazama kushoto kwake. Palikuwa na sakafu, na matundu manne.

"Fundi, kiti cha pili kiko wapi?"

"Kiko ofisini," akasema Bado Kidogo. "Nilikihifadhi kwa gunia kisichafuke. Mkaguzi ndiye aliyekuwa akikikalia. Mkaguzi, hebu lete kiti cha watu."

Nyuma ya mapipa kopo la nati likaanguka.

"Meneja msaidizi," akasema mjomba bila kugeuka, "toka huko, utachafua nguo nilizokununulia."

Balozi akatoka. Alijaribu kuanza na mgongo wa daktari, lakini maneno yalikuwa yamekwisha. Alikuwa ameyatumia yote kwa wateja. Ikabidi aseme ukweli, na kwa kuwa hakuwa na mazoezi nao ulitoka vipande vipande, kama kifaa kisichofungika mahali pake.

Fundi alicheka mpaka ovaroli ikalia. Alisema tangu shikamoo ya kwanza alijua. Meneja gani mwenye magari kumi na mawili anampigia fundi amwagize kazi, halafu anaanza na shikamoo kama aliyetumwa chumvi? Na mjomba je? Mjomba alisema yeye alijua Alhamisi, akaacha tu, maana ilikuwa mara ya kwanza kusikia gereji ile ikijibu vizuri.

"Na mbona ulilitengeneza?" Balozi akamuuliza fundi, kwa sauti yake halisi, ambayo ilikuwa nyembamba.

"Ulipokea simu wewe. Nilikuwa na nafasi."

Daktari alipigiwa. Alisema kiti hakitoki, labda na yeye atolewe pamoja nacho.

Hivyo basi, siku ya kufungua shule, saa nne kamili asubuhi, gari la spoti, jekundu, paa limekunjwa, liliwasili getini kama lilivyotangazwa. Bweni la Tatu lilikuwa limejipanga, limenawa mikono. Mjomba alikuwa kwenye usukani, amevaa miwani, anang'aa kama saa mpya. Pembeni yake, mahali pa kiti cha pili, limefungwa kwa mkanda, lilikaa sanduku la bati lenye jina la mwanafunzi. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa anafuata nyuma, juu ya pikapu ya Bado Kidogo, amekalia ndoo. Pikapu ilizimika kilomita mbili kabla ya shule. Fundi alifungua boneti, akatazama, akasema bado kidogo. Balozi alimalizia kwa miguu, akafika saa sita na nusu.

Hayo ndiyo maelezo ya maandishi yaliyoagizwa kuhusu mwanafunzi aliyechelewa kufika, na yameandikwa kwa uaminifu na rafiki yake wa karibu, ambaye hakuwepo.

Mwalimu wa zamu ameyasoma mpaka hapo, na ameuliza jambo moja tu: kama rafiki hakuwepo, amejuaje kiti kilivyokumbatia kiuno? Nimemweleza kwamba Balozi ni mtu wa kusimulia sana. Ameniambia nigeuke. Nimegeuka. Nyuma ya suruali yangu, anasema, kuna duara zuri la grisi, ukubwa wa ndoo.

Ni mimi, basi. Ila nilikuwa bado na hoja moja nzito kuhusu grisi na jinsi inavyoweza kumwingia hata mtu asiyehusika. Nikageuka tena, nikashusha sauti, nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa shikamoo.

"Marahaba," akasema mwalimu. "Ndoo unayo. Deki iko Bweni la Tatu."