Maji ya Baraka kwenye Mtama wa Kajetani

Jumatatu, 10 Februari

Wiki ya nne bila mvua. Koleta, ng'ombe wetu, ana mimba ya miezi saba na mbavu za kuhesabika. Mke wangu Lidwina anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Ana haki. Koleta hajawahi kumsumbua kwa mipango.

Bondeni jirani yetu Kajetani ana mtama uliodumaa, lakini umechipua kijani kabisa! Kasimika mti wenye kitambaa chekundu. Kaniambia nisithubutu kulisha mfugo mtama huo, umepigwa na jua, una sumu. Tangu lini jua likaweka sumu? Huyu kaenda kwa mganga, kazindika shamba.

Jumanne, 11

Dawa ya kumshinda mganga ninayo. Nimemwomba Mama Walburga wa jumuiya yetu chupa ya maji ya baraka. Nikasema ni ya kubariki nyumba. Uongo mdogo.

Jumatano, 12

Kajetani alikuwa misa ya asubuhi. Nikanyunyizia mtama, Baba Yetu mara tatu, nikakata mzigo. Koleta akala, akanilamba mkono. Nikajiona mwanaume wa maana.

Robo saa tu! Akahema, akatetemeka, akaanguka. Lidwina akapakata kichwa chake, akawa anamwita mwanangu, mwanangu. Sikujua niangalie wapi. Aliyekimbilia afisa mifugo ni Kajetani, na suruali yake ya kanisani.

Bibi Evaline, afisa mwenyewe, akamchoma dawa mshipani. Akauliza kala nini. Nikaeleza, pamoja na yale maji. Akasema hakuna cha mganga: mtama ukikosa maji, machipukizi yanatengeneza sumu yenyewe. Kitambaa ni cha kuonya watu.

Jioni Koleta kasimama. Nimelia mbele ya Kajetani. Kanipa leso yake.

Alhamisi, 13

Ndama anacheza tumboni. Lidwina kanishika mkono, kauweka pale nihisi. Nadhani kanisamehe, chai ilikuwa na sukari. Nampenda sana mwanamke huyu. Mtama sigusi tena maishani.

Ila nyuma ya nyumba kuna muhogo wetu mchungu. Jua limeushindwa, majani mabichi kabisa! Bibi Evaline alianza kusema kitu kuhusu majani ya muhogo, lakini nilikuwa nalia, sikusikia vizuri. Nadhani alisema yanamfaa ng'ombe.

Hata hivyo nimepita kwa Mama Walburga. Juzi maji yalikuwa kidogo mno. Safari hii nimechukua dumu zima.