Baba Niliyemuua Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi 1997
Simu kutoka London! Bi Pemberton, mtayarishaji wa filamu, ameisoma riwaya yangu, niliyodai ni kisa cha kweli, na kulia. Hasa pale baba yangu anapofukiwa na makaa mgodini. Anataka niandike filamu yake mimi mwenyewe. Miaka kumi na moja naingoja simu hii! Ila Alhamisi anakuja hapa Lochgelly, mji wetu wa migodi, kuongea na waliomjua marehemu. Tatizo dogo: marehemu yuko sebuleni anajaza chemshabongo ya gazeti. Ni daktari wa meno, mstaafu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemsihi Baba aende kwa shangazi Aberdeen. Hataki. Alhamisi ana zamu yake kwa kinyozi. Akaniuliza amekufa kwa nini hasa. Nikamwambia mgodi umemwangukia. Akasema afadhali, alidhani ni kifo cha aibu.

Jumatano, 5 Machi
Baa, kupanga mashahidi. Nimemnunulia bia mzee Dod Rennie, mchimbaji wa kweli, aseme alichimba makaa na Baba. Kanywa tatu, kaitikia kwa kichwa. Kwenye kona Struan Mackie, mwandishi wa michezo ya redio kuhusu kondoo, alikuwa anacheka peke yake. Wivu huo! Nimejipaka masizi kidogo kwenye kola, nifanane na mtoto wa mchimbaji.

Alhamisi, 6 Machi
Msiba. Bi Pemberton kashuka kwenye treni na buti mpya za mpira. Nikampeleka baa moja kwa moja. Akamuuliza Dod kama alimjua baba yangu. Dod akaachama, akaonyesha pengo.

"Namjua sana, mama. Jino la hapa kaling'oa yeye, mwaka sitini na tatu. Sikusikia hata maumivu."

Baa nzima ikaachama. Mapengo meza kwa meza! Katika mji huu, ukijikweza kidogo tu, lazima atokee mtu anayemjua baba yako. Wangu wanamjua wote. Nikamkanyaga Dod mguu. Akaweka bia chini.

"Innes, aliyefukiwa ni baba yangu mimi. Na wewe hujawahi hata kuniuliza."

Nikaona haya, kweli. Halafu nikaona ni maneno mazuri mno kupotea, nikayaandika kwenye kitambaa cha meza. Ndipo akaingia Baba, kanyolewa vizuri, akamwambia Bi Pemberton kwamba gego lake la juu linahitaji kutazamwa.

Jumapili, 9 Machi
Bi Pemberton kapiga simu. Filamu ipo: daktari wa meno katika mji wa wachimbaji. Mwandishi, Struan yule wa kondoo! Mshauri, Baba. Mimi nimeulizwa kama ninaweza kumwendesha Baba kwa gari. Baba ananiambia njia ya mwongo ni fupi. Sawa, nimekoma. Sitasema tena uongo kuhusu baba.

Usiku huu naanza riwaya mpya. Sura ya kwanza: mama yangu, mpasua samaki wa bandari ya Peterhead, anazama baharini. Nimelia mwenyewe. Mama kagonga mlango kuuliza kama nitakunywa supu. Nimemjibu asinisumbue, niko matangani.