Jua Kisogoni

Jumatatu, 20 Oktoba
Imepita! Chama chetu cha Wazanzibari wa Barking, huku ughaibuni, kimekubali safari yangu: siku nne Xi'an, China, na asubuhi moja juu ya mlima Hua kutazama jua likichomoza. Hafidh, kaka wa mke wangu Suad, alitaka Istanbul. Anafanya kazi uwanja wa ndege, basi anajiona rubani. Anapakia mabegi. Bi Haifa, mwenyekiti, katangaza: atakayemwonesha jua hilo kabla magoti yake hayajapasuliwa, huyo ndiye kiongozi wa safari za chama. Cheo hicho ni changu tangu 2014. Sikitoi kwa mpakia mabegi.

Alhamisi, 23 Oktoba
Hafidh kauliza mbele za watu tutasimama wapi huko mlimani. Swali la fitina. Nikajibu kwa utaratibu: dirisha langu la jikoni linaelekea kibla, na asubuhi jua linaingia hapo hapo, linapiga kwenye birika. Kwa hiyo tutaelekea kibla. Dira ya msikitini ninayo. Suad akasema China ni mbali. Nikamwambia kibla ni kibla.

Jumatatu, 27 Oktoba. Xi'an
Baridi. Tumekula tambi kwa Waislamu wa hapa. Mimi ndiye niliyewagundua, hakuna aliyeshukuru. Hafidh kajifunza kusema asante kwa Kichina na anaisema kwa kila mtu. Hata kwa mlango wa lifti.

Jumatano, 29 Oktoba. Mlimani
 

Jana tulipanda kwa gari la waya, tukalala nyumba ya wageni huku juu. Leo baada ya sala ya alfajiri nikafungua dira, nikawapanga wanachama mwambani, nyuso zote kibla, Bi Haifa mbele juu ya blanketi langu. Wachina kwa mamia walipita kwenda upande wa pili. Nikawahurumia. Bibi mmoja mwenye kigoda cha kukunja akamwashiria Hafidh, naye akamfuata. Alhamdulillahi, nikasema, kaondoka.

Tukangoja. Suad akagawa sambusa za baridi. Mbingu ikawa nyeupe kote isipokuwa mbele yetu. Kisha nikaona kivuli changu. Kirefu, kimelala mbele yangu juu ya mawingu.

Bi Haifa hakugeuka. Alisema tu, taratibu: "Matar, mwanangu, jua linanichoma kisogo."

Tulipogeuka lilikuwa limekwisha kupanda. Jua la kawaida, kama la Barking. Simu zikalia zote pamoja. Picha ya Hafidh kwenye kundi la chama: jua zima, jekundu, na yule bibi kamshika mkono kama mwanawe.

Bi Haifa aliikodolea macho picha hiyo njia nzima ya kushuka. Alimwomba Hafidh amkuzie.

Jumapili, 2 Novemba. Barking
Kachaguliwa Hafidh. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Suad. Bi Haifa kanifariji: nitabaki kuwa mtunza blanketi.

Nimelichunguza kosa. Mlima ule umekaa kinyume, na wenyewe Wachina wanajua, wamenyamaza tu. Dawa ni kwenda kwetu, ambako jua halina hila. Januari, Unguja! Niliondoka nikiwa mchanga lakini asili haisahauliki. Viti thelathini ufukweni, Bi Haifa katikati, vyote vimeelekea kibla. Hafidh atalia.

Suad, huku anaosha vyombo, anasema Unguja kibla ni kaskazini.

Damu ya kaka yake hiyo. Viti nimeshaagiza.