Kamati Iliyokipa Kiwanja Mgongo

Mwaka 2005 Klabu ya Nungunungu iliutangazia umma wa Toronto kwamba imepata ufumbuzi wa tatizo lililousumbua mpira wa Kanada, ule wa kurushwa kwa mikono, tangu ulipoanza, nalo ni tatizo la kumtambua kijana atakayekuwa nyota kabla hajawa nyota. Ufumbuzi huo uliitwa Kamati ya Kudumu ya Tathmini ya Uwezo Usiotumika. Ulikuwa na mwenyekiti, makamu wake, mhuri wenye picha ya nungunungu, na ofisi huko Don Mills yenye maegesho ya magari kumi na mawili, ingawa wajumbe walikuwa wawili.

Miaka saba baadaye kamati ilimwajiri Cherotich kuwa karani wake. Alikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya takwimu ambayo hata fremu ilikuwa haijapata, kitanda sebuleni kwa shangazi yake muuguzi kule Crescent Town, na imani kwamba wakubwa wakielezwa ukweli kwa adabu hujirekebisha. Alipewa muda wa majaribio wa miezi mitatu.

Kazi ya kamati ilikuwa kuwapima makwotabeki wa akiba. Kwotabeki ndiye anayeshika usukani wa timu: huletewa mpira kabla ya wenzake, na yeye ndiye anayeamua umfikie nani. Kila timu ina mmoja anayecheza, na kando ya kiwanja wapo vijana wengine wawili waliovaa kofia, wakimwombea afya njema na kungoja aumie.

"Ukimtazama kijana akicheza, unaona nini?" Mwenyekiti Mansoor alimuuliza siku ya kwanza.

"Naona anavyocheza, mzee."

"Basi umeona mchezo. Uwezo hujauona. Uwezo ni kile ambacho bado hajakifanya, binti. Akishakifanya kimekwisha, kinahamia Idara ya Matokeo."

"Chapati iliyoliwa haipimwi," aliongeza Makamu Dilawar.

Cherotich aliyaandika yote mawili, kwa kuwa yalisemwa polepole na watu wazima.

Kwa sababu hiyo ya kitaalamu, viti vya kamati viliwekwa vikielekea benchi la akiba na kukipa kiwanja mgongo, ili wajumbe wasishawishike. Walipima kwa darubini. Fomu ilikuwa na vipengele sitini: kijana anavyokunja mikono, anavyotikisa kichwa kocha anapozungumza, anavyokunywa maji, kwa kiu au kwa mpango. Aliyeongoza kwa alama alikuwa Iqbal, aliyeandikwa kila msimu kuwa kijana wa kesho. Alikuwa na miaka thelathini na minne na watoto watatu, na hakuwahi kurusha mpira hata mmoja katika mechi.

"Hana doa," Mansoor alipenda kusema, na macho yake yalilainika.

Aliyeburura mkia alikuwa Aleem, mwenye miaka ishirini na mitatu. Dosari yake ilikuwa moja, na ilikuwa kubwa: alichungulia kiwanja. Mikataba ilikuwa ikifikia kikomo, nafasi ya akiba iliyobaki ilikuwa moja, na kamati ilitakiwa kumpelekea mwenye klabu pendekezo Jumatatu. Mwenye klabu alikuwa Bi Khatija, mfanyabiashara mzaliwa wa Bukoba. Kwa miaka saba alikuwa amesaini kila pendekezo kwenye ukurasa wa mwisho bila kuusumbua wa kwanza.

Shughuli zote ziliendeshwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya usiri. Mansoor alizaliwa Kisumu na Dilawar alizaliwa Tanga, na waliamini kwamba lugha hiyo, katika klabu ile, ilikuwa kufuli lisilo na ufunguo wa pili. Ndiyo maana karani alitafutwa Mkenya. Na ndiyo maana kwenye mazoezi kule Downsview waliweza kuketi hatua tatu tu kutoka benchi na kujadiliana kwa sauti ya kawaida.

"Huyu wa kushoto Jumatatu tunamwacha," alisema Dilawar Alhamisi moja, darubini ikiwa machoni.

"Hatulii," alikubali Mansoor. "Na masikio yale."

Wazee walipokwenda kunywa chai, Cherotich alibaki akikusanya fomu. Aleem alimsogelea. Alisema kwa Kiingereza, kama wasemavyo watoto waliokulia huku, lakini alichosema kilikuwa hiki:

"Dada, masikio yangu yana nini?"

Fomu zilimponyoka Cherotich.

"Unajua Kiswahili?"

"Kukisema, hapana. Kukisikia, nakisikia. Bibi yangu anagomba kwa Kiswahili tangu nizaliwe. Miaka miwili nimekaa hapa nawasikiliza."

"Masikio yana alama tatu tu kati ya mia," alisema Cherotich kwa aibu. "Hayakuangushi sana."

"Wameshaniona nikirusha?"

"Hairuhusiwi."

Aleem alitazama ng'ambo ya uzio, kwenye safu ya maghala.

"Lile la tatu ni la mjomba wangu. Anauza matairi. Ameshaniandalia aproni, imeandikwa jina langu kabisa." Akakigeukia kiwanja. "Ningekuwa nimerusha vibaya, ningekwenda. Lakini kufukuzwa kwa sababu ya masikio?"

Cherotich alirudi nyumbani na maneno hayo, akala ugali wa shangazi bila kujua ameula.

Jumamosi ilikuwa mechi. Robo ya kwanza haijaisha, goti la kwotabeki mkuu likageuka upande ambao goti halifai kugeukia, akatolewa kwa machela. Kocha alimtazama Iqbal. Iqbal, aliyeilinda rekodi yake kwa miaka tisa, alishikwa na kikohozi cha ghafla na kirefu. Kocha akamtazama Aleem. Aleem alivua kofia, akavaa helmeti, akaingia.

Mansoor alishusha darubini.

"Wa kushoto yuko wapi?"

"Ameingia kucheza, mzee."

"Sijauliza anafanya nini. Nimeuliza yuko wapi."

"Kiwanjani."

"Kiwanjani hatuna mamlaka," alisema Dilawar.

"Andika hayupo," alisema Mansoor.

"Mzee, mkigeuka kidogo tu..."

"Binti. Miaka saba hatujageuka."

Nyuma yao watu elfu ishirini walisimama kwa mpigo mmoja. Ngurumo ilipita juu ya vichwa vya kamati kama treni.

"Kelele za nini hizi?" alilalamika Dilawar. "Zinamvurugia Iqbal utulivu."

Cherotich aligeuka. Aliona mpira ukipaa kutoka mkononi mwa Aleem, ukichora upinde mrefu juu ya watu wote, na kutua kifuani mwa mwenzake kana kwamba walipeana miadi. Aligeuka tena, na tena. Mwishowe shingo ilimuuma, ndipo akakigeuza kiti.

Siku iliyofuata alikaa mbele ya ripoti kwa saa tatu. Pendekezo la kamati aliliandika kama alivyoamriwa: Aleem aachwe, kwa kosa la kutokuwepo kituoni dakika arobaini na tisa. Chini yake palikuwa na nafasi ya maelezo ya karani, ambayo hakuna karani aliyewahi kuijaza. Alifikiria muda wake wa majaribio. Alifikiria pia aproni. Kisha akaandika: "Hakuwepo kituoni kwa kuwa alikuwa akishinda mechi, 31 kwa 24." Mansoor alipiga mhuri bila kusoma, kwa sababu tayari alikuwa anajua kilichoandikwa.

Jumatatu Bi Khatija aliipokea kamati ofisini mwake. Alikuwa ameshangilia Jumamosi hadi sauti ikamkauka, kwa hiyo alinong'ona, na wazee wakadhani ni heshima ya usiri wao. Siku hiyo, kwa kuwa alitaka kuona kijana wake anavyosifiwa, alianza na ukurasa wa kwanza.

Alisoma. Akarudia. Akavua miwani.

"Mansoor, mechi ilikwishaje?"

Mansoor alimtazama Dilawar.

"Hilo ni la Idara ya Matokeo, mama," alisema Dilawar.

"Nawauliza ninyi."

"Tulishinda?" alijaribu Dilawar, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua.

Bi Khatija aliweka kidole kwenye ukurasa.

"Karani wenu ameandika hapa, na mhuri wenu umegongwa juu yake. Yeye alijuaje?"

Cherotich alisimama.

"Niligeuka, mama."

"Uligeuka?" aliuliza Mansoor, na huzuni yake ilikuwa ya kweli kabisa.

"Niligeuka, mzee. Mara nyingi."

Bi Khatija alichukua kalamu, akalikata pendekezo kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika kwamba Aleem anabaki. Kisha akanong'ona, na kila mtu akasikia:

"Kuanzia mechi ijayo viti vinaelekea kiwanjani. Kila baada ya mechi nitawauliza nilichokiona mimi. Mko katika muda wa majaribio, miezi mitatu. Alama atawapa binti huyu."

"Mimi, majaribio?" alisema Mansoor. "Bi Khatija, miaka saba!"

"Una uwezo mkubwa sana, Mansoor. Sijauona ukitumika hata siku moja."

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti na makamu wake waliketi wakielekea nyasi, wameshika kalamu mpya, migongo imenyooka kama watoto wa darasa la kwanza. Aleem alipokea mpira, akarudi nyuma hatua tano, akaurusha. Uwanja mzima ulinyanyuka. Dilawar alinyanyuka pia, kwa kuchelewa, akakaa, akanyanyuka tena kwa tahadhari.

Mansoor aliinama kuelekea sikio la Cherotich.

"Binti," alinong'ona, "hawa wa kijani ndio sisi?"

"Sisi ni wale wekundu, mzee."

Mansoor aliandika: wekundu. Na Cherotich, ambaye moyo wake haukuwahi kujua ugumu, alimpa nusu alama kwa kuwa aliuliza.