Malalamiko Kuhusu Bahari Mliyomwonyesha Mke Wangu

Anaeli Swai,
Kihambani, juu ya Kwa Sadala,
Wilaya ya Hai.

Kwa Mkurugenzi,
Shuka Pwani Safari,
Moshi Mjini.

YAH: BAHARI MLIYOTUPELEKA KUITAZAMA, NA MADHARA YAKE KWA NDOA, ZIZI NA MFONGO

Ndugu Mkurugenzi,

Marahaba. Natanguliza kuitikia kwa sababu nayajua malezi yako, Loveness: ukiuona tu mwandiko wangu utasema shikamoo, hata kama uko peke yako ofisini. Baada ya hapo naomba tuuweke undugu kando. Ni kweli mimi ni baba yako mkubwa, na ni kweli nilisimama badala ya marehemu baba yako siku ya kipaimara chako, lakini leo nakuandikia kama mteja aliyeumizwa. Kama baba mkubwa nitakuja mwenyewe Jumapili baada ya ibada, na hapo nitaongea kwa sauti.

Utakumbuka kwamba ni wewe uliyekuja usharikani kwetu na picha za bahari, ukawaambia akina mama wa Umoja kwamba ipo safari ya siku moja, kwenda Tanga na kurudi, pamoja na kiongozi na chakula. Mke wangu Yuditha alinyoosha mkono kabla hujamaliza kusema. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona akinyoosha mkono kuomba kitu chake mwenyewe. Nikaona si vizuri aende peke yake. Nikaenda kumsindikiza, na yaliyonipata ni haya:

1. Kiongozi. Kazi ya kampuni yako tangu zamani ni kupandisha wageni mlimani, pwani mmeanza juzi, na kijana wako Isack ni kiongozi wa mlimani. Sina ugomvi na ujuzi wake. Lakini tulipofika Same alisimama katikati ya kosta akauliza nani anaumwa kichwa. Tulipofika Mombo akapita kiti kwa kiti akitubana vidole kwa kile kidude cha kupima hewa iliyomo kwenye damu. Akatuambia mtu akizidiwa asifiche, atashushwa mara moja.

Nikamuuliza, "Kijana, atashushwa wapi? Tangu alfajiri tunashuka."

Akafikiri, akasema, "Basi utapandishwa, mzee."

Na tulipofika Tanga, kutoka kwenye gari hadi mchangani, mahali ambapo mtoto angefika kwa kukimbia, alitupanga mstari mmoja, yeye mbele na buti zake za mlimani, akituambia polepole, polepole. Wauza madafu walivua kofia. Walidhani tuna msiba.

2. Kupotea kwa mlima. Hakuna aliyetutahadharisha kwamba pwani hakuna mlima. Kwetu mtu akikuelekeza njia anakwambia panda au shuka, na hata mgeni anafika. Baada ya Same niligeuka nyuma niuage, nikakuta umekwisha kuondoka. Pale ufukweni nilimuuliza baba mmoja kama choo kiko juu au kiko chini. Akatazama angani, akatazama mchangani, kisha akanionea huruma. "Babu," akasema, "kiko pale." Sasa pale ni upande gani? Siku nzima nilitembea kama mtu aliyezungushwa akiwa amefumba macho.

3. Bahari yenyewe. Tulipofika haikuwepo. Palikuwa na matope yanayong'aa, kaa wanaokimbia kiubavuubavu, na mashua zimelala kama ng'ombe waliovimbiwa. Isack akasema, "Maji yametoka kidogo, yanarudi." Nikamwambia kwamba mimi nimekaa chini ya Kibo tangu nizaliwe, na sijaamka hata siku moja nikaambiwa kimetoka kidogo.

Yuditha akadakia, "Mbona kinajifungia mawinguni wiki nzima, na hujamwandikia mtu barua?"

Wanawake wote wakacheka. Ndugu Mkurugenzi, huo ndio ulikuwa mwanzo. Mke wangu alikuwa hajawahi kunijibu mbele ya watu.

4. Dafu. Kuhusu dafu sina malalamiko. Nalitaja kwa ajili ya haki.

5. Kicheko. Hili ndilo kubwa, naomba ulisome ukiwa umekaa.

Katika safari ile alikuwamo mama mmoja wa Moshi mjini, Bi Sikudhani, fundi cherehani, ambaye bibi zake wanatoka Tanga. Alikaa na Yuditha kiti kimoja, na kufika Korogwe walikuwa wanaongea wameshikana mikono kama waliocheza pamoja utotoni. Maji yaliporudi, Bi Sikudhani alijifunga khanga kifuani, akaingia, akamwita mwenzake. Yuditha akamwambia magoti yake hata ngazi ya kosta imeyashinda, sembuse bahari.

"Kwani nani kakwambia upande?" Bi Sikudhani akamjibu. "Maji ndiyo yatakubeba wewe."

Unajua, Loveness, mama yako mkubwa amebeba majani ya ng'ombe kutoka shamba letu la tambarare hadi kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, tangu nilipomwoa. Magoti yamekwisha. Daktari alipomwambia apumzike, alimjibu kwamba ng'ombe hawamjui daktari. Kwa hiyo aliponipa viatu vyake nivishike, nilidhani anataka kulowesha nyayo tu. Nikasimama mchangani na viatu mkononi. Akaingia mpaka kiunoni. Bi Sikudhani akamshika kisogo kwa mkono mmoja, akamlaza chali, kisha taratibu akautoa mkono.

Nilifungua mdomo nipige kelele. Lakini Yuditha hakuzama. Alikuwa juu ya maji kama jani la mgomba, khanga imetanda pande zote, uso umetazama mbinguni. Akapaza sauti, "Baba Hellen! Magoti hayaumi!" Kisha akacheka.

Ndugu Mkurugenzi, nimeishi na mwanamke huyu mpaka tumepata wajukuu, na kicheko kile sikukifahamu. Kilikuwa cha msichana. Niligeuka huku na huku nione ni binti wa nani. Nalalamika rasmi kwamba kicheko kile kilikuwemo nyumbani mwangu miaka yote, na iliyokipata ni kampuni yako, kwa safari ya siku moja.

6. Kushindwa kumtoa. Muda wa kuondoka ulipofika Isack alipiga filimbi na kutangaza kama anavyotangaza kileleni, kwamba tumeshafika, tumeshapiga picha, sasa tunageuka. Yuditha akamjibu, "Tangulieni." Isack hakuweza kumfuata kwa ajili ya buti zake, na pia, kama alivyoninong'oneza, kwa sababu hajui kuogelea. Nikatumwa mimi. Niliingia mpaka magotini, suruali yangu ya kanisani ikilowa, nikamwambia watu wanangoja.

Akaniambia, "Lala kidogo, Baba Hellen, uone."

Nikamjibu kwamba mzee wa kanisa halali mbele za watu. Kisha akatoka bila ubishi, akapanda gari, na njia nzima hakunung'unika. Alikaa na Bi Sikudhani, akaimba pambio mpaka Himo. Afadhali angenung'unika. Manung'uniko yake nimeyazoea.

7. Zizi. Kesho yake niliamka, nikamkuta Yuditha amekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nikamuuliza, kwa upole, habari ya majani ya ng'ombe.

"Baba Hellen," akasema, "njia unaijua."

Nimeijua sasa. Nilikwenda tambarare, nikakata, nikafunga, nikajitwika. Nalalamika kwamba kilima kile zamani hakikuwa kirefu namna ile. Nilipumzika mara nyingi, na kila nilipopumzika alipita mwanamke mwenye mzigo mkubwa kuliko wangu, akaniamkia shikamoo bila kusimama. Nilipofika zizini, ng'ombe walinusa mzigo wangu wakamtafuta Yuditha kwa macho. Nilikuwa nimechanganya na magugu.

Shingo ilipoingia mabegani nikaona isiwe taabu, nikapanda malisho pale pale pembeni mwa kihamba, ili pasiwepo mtu wa kutwishwa kilima kile tena. Ni kazi ambayo ningeifanya zamani sana kama mtu angeniambia kwamba mzigo ni mzito. Yuditha anasema aliniambia. Hili bado tunalijadili.

8. Mfongo. Ningekuwa nimevumilia kama mambo yangeishia zizini. Lakini Yuditha aliwasimulia akina mama wa Umoja ambao hawakwenda Tanga, na masimulizi hayakuwatosha, wakataka kuonyeshwa. Bahari hatuna. Tuna mfongo, mfereji waliouchimba babu zetu unaoteremsha maji ya mlimani hadi migombani mwa kila mtu kwa zamu. Pale unapopita nyuma ya kwangu, akina mama walivingirisha vigogo vya migomba, wakauziba, maji yakajaa kama bwawa. Kila jioni wakawa wanakuja kulala humo. Maji yale, wewe unayajua, yanatoka kwenye theluji. Nilisikia wakipiga mayowe ya baridi, kisha kimya, kisha kicheko. Kwa hiyo sasa vicheko vile ni vingi.

Wenye vihamba vya chini wakakosa maji. Mzee Thadeus, mwenyekiti wa kamati ya mfongo, akaja na fimbo yake kumtafuta mhalifu, akakuta wanawake wamejipanga majini chali kama samaki sokoni, Yuditha akipita kati yao akiwashika visogo. Wa tatu kutoka ukingoni alikuwa mke wake mwenyewe. Alisema, "Baba, chakula kipo jikoni," akafumba macho.

Thadeus akaja kwangu fimbo juu. "Mzee Swai, mke wako amezuia maji ya watu kwa kulala!" Nikazihesabu sheria kwa vidole. Sheria za mfongo zinataja kuiba maji, kuchepusha maji na kuogeshea mifugo. Kulala hazikutaja, kwa kuwa wazee wetu hawakuwahi kufikiri kwamba mwanamke wa Kichagga angepata nafasi ya kulala mchana.

Nikaitwa mbele ya kamati. Nilisimama pale, mimi ambaye sijawahi kushtakiwa hata kwa kuku, nikaeleza habari ya Tanga tangu kidude cha vidole. Wajumbe walinisikiliza kwa makini mno. Mmoja akauliza kama chumvi inasaidia na kiuno. Nikajua nimekwisha.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu:

Kwanza, utoe tangazo la ofisi, lenye mhuri, kwamba bahari imefungwa kwa matengenezo mpaka itakapotangazwa tena. Mhuri ni lazima. Karatasi isiyo na mhuri Yuditha huifungia dagaa.

Au, kama hilo liko nje ya uwezo wako, bahari iletwe huku juu, karibu na Kwa Sadala, isiyo ya kuingia na kutoka, ili wanawake waione siku ya soko na kurudi kabla ya kukamua. Kampuni inayoweza kumpeleka mgeni wa Ulaya mpaka Kibo akiwa analia, na kumrudisha akiwa anashukuru, haishindwi na maji.

Na kama yote mawili hayawezekani, basi katika safari zijazo mkutano wa maelekezo uwe na sehemu ya waume. Isack asiwaulize habari za kichwa. Awaambie ukweli: kwamba mke aliyekwenda pwani atarudi, mizigo yake itarudi, lakini asubuhi yake atakaa barazani, nao wataonyeshwa njia ya tambarare. Mwanamume ajiandae, anyooshe shingo mapema.

Msalimie mumeo na watoto, na mama yako mwambie ndizi zake zimeiva, atume mtu. Msalimie Isack, mwambie kichwa hakiniumi, ila ajifunze kuogelea, ni aibu. Bi Sikudhani ukimwona mjini mpe salamu za Yuditha. Za kwangu nazipima bado.

Nabaki kuwa mteja wako mwenye manung'uniko, na baba yako mkubwa mwenye upendo,

Anaeli Swai

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku kadhaa ikisubiri mtu wa kuileta mjini, na katika siku hizo kamati ya mfongo imetoa hukumu. Vigogo vimeondolewa ili maji yashuke kwa watu, lakini imetengwa zamu ya kulala jioni, na wajumbe wamejiandikisha. Zamu ya jana ilikuwa ya Thadeus na mimi. Sitasema mengi. Maji ni haba kwa wanaume wawili wa umri wetu, na Thadeus anapenda kunyoosha miguu.

Kwa hiyo bahari usiifunge. Tunaomba safari nyingine ya Tanga, ya wazee wa kanisa peke yao, bila wake, kwani hatupendi kutazamwa tunapojifunza. Ila Yuditha, ambaye amesoma haya yote akiwa amesimama nyuma yangu, anauliza ni nani kati yetu atakayewashika wenzake visogo. Thadeus, tuliye naye hapa mezani, hajui, nami sijui. Ongeza nafasi moja ya mama yako mkubwa, akae dirishani.